Boriti, Reli na Kompyuta: Historia ya Hesabu ya Mtetemo Ikitazamwa kutoka Likasi

1.0 Utangulizi

Historia ya sayansi imezoeleka kuandikwa kutoka mahali ambapo vitabu vyake vilichapishwa, kama vile Basel, Cambridge au California. Ni nadra kuandikwa kutoka mahali ambapo matokeo yake yalitumika, yaani pale chuma kiliposimamishwa, mashine zikafungwa juu yake, na wafanyakazi wakapita chini yake kila siku. Makala haya yanachukua mji mmoja wa namna hiyo, Likasi katika jimbo la Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kuufanya kituo cha kutazamia historia ya tatizo moja la uhandisi: jinsi ya kukadiria mtetemo wa boriti.

Tatizo hilo huonekana la wahandisi peke yao. Hata hivyo, linagusa mambo mawili yanayowahusu wanazuoni wa Kiswahili. Kwanza, boriti ni neno kongwe katika Kiswahili, na ndani yake mna ujuzi ambao haujatumiwa ipasavyo katika kuunda istilahi. Pili, katika miji kama Likasi Kiswahili ndicho lugha ya karakana, ilhali hesabu za karakana hiyo hufundishwa kwa Kifaransa na kufanywa katika programu za kompyuta zilizoandikwa kwa Kiingereza. Makala yanaanza na mji wenyewe, yanafuata historia ya nadharia, yanalinganisha aina za vipande vya boriti vinavyotumiwa katika kompyuta, na mwishowe yanarudi katika suala la lugha.

2.0 Likasi, mji wa mitambo

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikafika Kambove mwaka 1913 na Bukama kando ya mto Lualaba mwaka 1918. Likasi ilikua katika njia hiyo. Wakoloni wa Kibelgiji waliuita mji Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot aliyeiongoza kampuni hiyo, na jina hilo lilidumu hadi mwaka 1966 lilipoondolewa na jina la Likasi likarudishwa.

Mwaka 1929 kiwanda cha Shituru kilianza kusafisha shaba kwa njia ya umeme. Umeme wenyewe ulihitaji maji, na mwaka 1930 bwawa na kituo cha Mwadingusha katika mto Lufira vilianza kazi. Kituo cha Koni kilifuata katika mto huohuo mwaka 1950. Kwa hiyo katika kipindi kifupi eneo moja lilijazwa kila aina ya boriti inayotetemeka: madaraja ya reli yanayopitwa na magari mazito ya madini, sakafu za chuma zinazobeba mashine za kusaga mawe, reli za kreni, na mihimili mirefu ya mitambo ya umeme ambayo, kimahesabu, ni boriti zinazozunguka.

Ni muhimu kukumbuka kwamba sehemu kubwa ya mitambo hiyo ilisanifiwa kabla ya kompyuta kuwapo. Wasanifu walitumia karatasi, majedwali na uzoefu, na pale walipokuwa na shaka waliongeza chuma. Mhandisi anayekabidhiwa leo mtambo wa miaka ya 1930, akitakiwa aongeze pampu au abadilishe mota, hana budi kuifanya upya hesabu ambayo mwasisi wake aliikwepa kwa kuongeza unene.

Uhusiano wa eneo hili na kompyuta una upande wake wa pili. Karibu na Likasi ndipo ulipo mgodi wa Shinkolobwe, ulioanza kuchimbwa mwaka 1921. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière, alipeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe ya urani kutoka mgodi huo, na mawe hayo yakaingia katika mpango wa Marekani wa kutengeneza bomu la atomiki. Kazi kubwa ya kwanza iliyopewa mashine ya ENIAC, mwishoni mwa mwaka 1945, ilitoka Los Alamos, maabara ya mpango huohuo. Hivyo mahitaji ya silaha yaliyochota mawe ya Shinkolobwe ndiyo pia yaliyoharakisha kompyuta za mwanzo, na bila kompyuta mbinu inayojadiliwa hapa chini ingebaki wazo la kitabuni.

3.0 Boriti kabla ya nadharia

Katika pwani ya Waswahili, boriti ni mti wa mkoko uliokatwa kwa kazi ya ujenzi. Miti hiyo ilikatwa katika delta ya Rufiji na katika visiwa vya Lamu, ikapakiwa majahazini na kupelekwa Arabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu. Wafanyabiashara hawakuiita yote kwa jina moja. Waliigawa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti na nguzo, kila aina kwa kazi yake.

Nyumba za mawe za pwani zina vyumba virefu na vyembamba. Upana wa chumba, ambao kwa kawaida hauzidi mita 3 hivi, ulifuata urefu ambao boriti ya mkoko iliweza kubeba dari zito la mawe na chokaa. Fundi aliyejenga hivyo hakuandika mlinganyo, lakini aliheshimu kanuni ambayo mlinganyo unaieleza. Boriti ya unene uleule ikirefushwa maradufu chini ya uzito ulioenea sawasawa, hubonyea mara 16, na mtetemo wake wa asili hushuka hadi robo. Dari la chumba kipana lisingebonyea tu. Lingetikisika pia chini ya hatua za watu.

Mambo mawili basi yalikuwa yamejulikana kwa vitendo: kwamba urefu hutawala kila kitu, na kwamba miti ya unene tofauti haifanyi kazi kwa namna moja. Mambo hayohayo ndiyo yaliyochukua karne mbili kuelezwa kihesabu huko Ulaya.

4.0 Nadharia kabla ya kompyuta

Katika karne ya 18, Daniel Bernoulli na Leonhard Euler walitoa mlinganyo wa kwanza wa mtetemo wa boriti. Walichukulia kwamba boriti hupinda tu: kila mkato wake, mfano wa kipande cha muwa kilichokatwa kwa kisu kikali, hubaki bapa na hubaki wima juu ya mstari wa katikati hata boriti inapopinda. Dhana hiyo ni sahihi kwa boriti ndefu na nyembamba.

Karne ya 19 ilileta reli, na reli ikaleta ajali. Mwaka 1847 daraja la chuma la mto Dee, huko Chester nchini Uingereza, lilivunjika treni ikipita. Uchunguzi uliofuata ulimfanya Robert Willis afanye majaribio ya mizigo inayotembea juu ya boriti, naye George Stokes akayafanyia hesabu mwaka 1849. Hapo ilidhihirika kwamba mzigo unaotembea unaweza kupindisha boriti kuliko mzigo uleule ukiwa umesimama.

Mwaka 1877 Lord Rayleigh alichapisha juzuu ya kwanza ya kitabu chake juu ya nadharia ya sauti. Humo mna mambo mawili yanayohitajika hapa. La kwanza ni kwamba mikato ya boriti, mbali na kupanda na kushuka, huzunguka pia kidogo, na mzunguko huo una inesha yake. La pili ni kanuni maarufu: mtu akikisia umbo la mtetemo badala ya kulijua, marudio atakayopata, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, hayatakuwa chini ya marudio halisi ya kwanza. Kukisia umbo ni sawa na kuilazimisha boriti ifuate njia isiyo yake, na kila kulazimisha huifanya ionekane ngumu zaidi kuliko ilivyo.

Mwaka 1921, mwaka uleule Shinkolobwe ilipoanza kuchimbwa, Stephen Timoshenko, mhandisi aliyezaliwa Ukraine, alichapisha makala iliyokamilisha picha. Alionyesha kwamba katika boriti fupi na nene mikato haibaki wima juu ya mstari wa katikati. Tabaka za boriti huteleza kidogo moja juu ya nyingine, kama karata zilizosukumwa kwa upande. Mteleziko huo huilegeza boriti na kushusha marudio yake. Wakati huo tofauti hiyo haikuwasumbua wasanifu wengi, kwa kuwa ni mitetemo ya juu na boriti nene ndizo zinazoidhihirisha.

5.0 Kuzaliwa kwa mbinu ya vipande

Milinganyo ya Euler na ya Timoshenko hutatulika vizuri kwa boriti moja iliyonyooka. Jengo la kiwanda si boriti moja. Ni mamia ya boriti zilizounganishwa. Wazo la kuligawa umbo zima katika vipande vidogo, kila kimoja kikiwa na umbo rahisi la kukisia, lilionekana katika makala ya Richard Courant ya mwaka 1943. Katikati ya miaka ya 1950 John Argyris, akiwa London, aliunganisha hesabu za miundo na matriksi. Mwaka 1956 M. J. Turner, Ray Clough, H. C. Martin na L. J. Topp walichapisha makala iliyotokana na kazi ya kampuni ya Boeing, ambako tatizo lilikuwa mtetemo wa mabawa ya ndege. Mwaka 1960 Clough aliipa mbinu hiyo jina linalotumika hadi sasa. Katika makala haya inaitwa mbinu ya vipande.

Katika mbinu hii kompyuta inahitaji kujua mambo mawili juu ya kila kipande: ugumu wake na namna tungamo lake lilivyogawanyika. Mwanzoni tungamo liligawanywa kwa njia rahisi, nusu ikiwekwa katika kila ncha. Mwaka 1963 John Archer alionyesha njia nyingine, ya kueneza tungamo kwa kufuata umbo lilelile lililokisiwa katika kutafuta ugumu. Mwaka huohuo F. A. Leckie na G. M. Lindberg walichapisha uchambuzi wa makosa yanayotokana na kukusanya tungamo katika vituo.

Huko Likasi mwaka 1963 ulifunguka kwa habari nyingine ya madaraja. Katika vita vya kuumaliza utengano wa Katanga, madaraja ya mto Lufira yalivunjwa ili kuyazuia majeshi ya Umoja wa Mataifa. Kikosi cha Wahindi kilivuka mto hata hivyo, kikaingia Jadotville tarehe 3 Januari. Miaka minne baadaye, Januari 1967, mali za Union Minière zilichukuliwa na serikali, na kampuni iliyorithi ikaja kujulikana kwa jina la Gécamines. Kwa hiyo kizazi cha wahandisi wa Kikongo waliopokea mitambo hiyo ndicho kilichokuwa kikisoma wakati mbinu ya vipande ilipokuwa ikienea vyuoni duniani.

6.0 Ulinganisho wa vipande vya boriti

Tofauti za vipande huonekana vyema katika mfano mmoja. Ichukuliwe boriti sare, iliyoegemezwa katika ncha zake mbili bila kukazwa. Kwa nadharia ya Euler na Bernoulli, marudio ya kwanza hupatikana kwa kuzidisha 9.870, ambayo ni mraba wa pai, kwa kiasi kinachotegemea ugumu, tungamo na urefu. Kiasi hicho hakibadiliki katika mfano wote, hivyo inatosha kulinganisha tarakimu ya mbele.

(a) Kipande chembamba chenye tungamo lililoenezwa. Boriti nzima ikifanywa kipande kimoja tu, tarakimu inayopatikana ni 10.954, yaani kosa la asilimia 11 kwa juu. Ikigawanywa vipande viwili, tarakimu ni 9.909, na kosa hushuka chini ya nusu ya asilimia moja. Matokeo yote mawili yako juu ya jibu halisi, kama kanuni ya Rayleigh inavyodai.

(b) Kipande chembamba chenye tungamo lililokusanywa. Kwa vipande viwili, nusu ya tungamo lote hukaa katikati ya boriti, na tarakimu ni 9.798, pungufu kwa asilimia 0.7 hivi. Hapa kosa liko chini. Mhandisi anayetumia njia zote mbili katika mfano wa namna hii hupata jibu halisi likiwa limebanwa katikati. Hata hivyo kanuni ya Rayleigh haitoi dhamana yoyote kwa njia hii ya pili, na katika miundo mingine kosa lake laweza kwenda upande wowote.

(c) Kipande kinene, yaani cha Timoshenko. Kwa boriti ya chuma yenye mkato wa mstatili, ikiwa kimo chake ni sehemu moja ya kumi ya urefu, mteleziko wa tabaka pamoja na mzunguko wa mikato hushusha marudio ya kwanza kwa asilimia 1.6 tu. Kimo kikiwa moja ya tano, upungufu hufika asilimia 6. Lakini hata katika ile boriti ya moja ya kumi, marudio ya tatu hushuka kwa asilimia 12 hivi. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama boriti ni nyembamba. Inapasa kuuliza ni nyembamba kwa mtetemo upi.

(d) Kipande kinene kilichotungwa kwa mistari minyoofu. Hiki kilileta mshangao mkubwa kuliko vyote. Watunzi wa programu walidhani kwamba kipande kinene, kwa kuwa nadharia yake ni pana zaidi, kingefaa pia kwa boriti nyembamba. Ikawa kinyume. Katika kipande rahisi kabisa, ambamo mshuko na mzunguko hukisiwa kwa mistari minyoofu na hesabu ikafanywa kwa ukamilifu, kipande hakiwezi kupinda bila kujidai kwamba tabaka zake zinateleza. Kwa chuma chenye mkato wa mstatili, ikiwa urefu wa kila kipande ni mara 10 ya kimo chake, boriti huonekana kuwa na ugumu wa kupinda mara 33 ya ugumu wake wa kweli, na marudio yake huzidi mara tano na nusu. Wataalamu huiita hali hiyo kufunga. Tiba yake iliyoelezwa kwa boriti na Thomas Hughes na wenzake mwaka 1977 ni ya kushangaza: hesabu ya mteleziko ifanywe kwa ukamilifu mdogo zaidi, katika nukta moja ya katikati ya kipande, na ule ugumu wa uongo hutoweka.

Umuhimu wa tarakimu hizi huonekana kiwandani. Umeme wa Kongo hubadilika mara 50 kwa sekunde, na mota nyingi za viwandani huzunguka karibu mara 1,500 kwa dakika, yaani 25 kwa sekunde. Ichukuliwe boriti inayobeba mabomba karibu na mota kama hiyo, na marudio yake halisi ni 25. Mwanafunzi akiihesabu kwa kipande kimoja cha aina (a) atapata karibu 27.7, ataona pengo la usalama la asilimia 11, na ataidhinisha boriti ambayo kwa kweli itaitikia kila mzunguko wa mota hadi viungio vyake vichoke. Kompyuta haitampa onyo lolote. Imejibu kwa usahihi swali aliloliuliza, na kosa limo katika uchaguzi wa kipande.

7.0 Suala la lugha

Kiswahili kilienea Katanga kama lugha ya kazi. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986, ameonyesha jinsi utawala na kampuni za kikoloni zilivyokishika kwa ajili ya kuamrisha na kupanga kazi. Lakini wafanyakazi hawakukiacha kibaki lugha ya amri. Mwaka 1965 historia ya mji wa Élisabethville iliandikwa kwa Kiswahili cha huko na André Yav kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani. Leo Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa nchini Kongo.

Ujuzi wa mitambo ya Likasi ulihifadhiwa kwa kiasi kikubwa katika lugha hiyo, kwa mdomo, kutoka kwa fundi hadi kwa mwanagenzi. Udhaifu wa hifadhi ya namna hiyo ulionekana wazi katika miaka ya 1992 na 1993, wakati watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga. Maelfu yao walikusanyika katika kituo cha reli cha Likasi wakingoja treni. Miongoni mwao walikuwamo wafanyakazi wa migodi na wa reli ambao wao, na wazazi wao kabla yao, walikuwa wameiendesha mitambo hiyo. Mateso ya watu ndiyo yaliyokuwa hasara ya kwanza na kubwa zaidi. Lakini pamoja nao ulipakiwa treni ujuzi ambao haukuandikwa popote: boriti ipi hutikisika, katika mwendo upi wa mashine, na hufungwaje.

Ndiyo sababu istilahi si pambo. Kamusi ya istilahi za Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa mwaka 1990 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, iliweka msingi wa maneno ya sayansi za shule. Uhandisi unahitaji kuendeleza msingi huo. Neno elementi, kwa mfano, limekwisha kuchukuliwa na kemia. Kwa hiyo kipande ni jina linaloeleweka zaidi katika mbinu hii. Na kwa kutofautisha nadharia mbili kuu, kipande chembamba na kipande kinene ni majina yanayomwonya mtumiaji kwa tamko lake lenyewe, jambo ambalo majina ya Euler, Bernoulli na Timoshenko hayawezi kulifanya. Wakata mikoko wa Rufiji na Lamu walikuwa na desturi hiyohiyo. Yeyote aliyeambiwa fito hakujaribu kubebea dari.

Yaweza kupingwa kwamba mhandisi wa Likasi atasoma vitabu vya Kifaransa na Kiingereza vyovyote itakavyokuwa. Ni kweli. Lakini hesabu haiishii kwa mhandisi. Fundi anayekaza nati, msimamizi wa zamu anayesikia mlio mpya, na mlinzi anayeona vumbi likicheza juu ya boriti, wote ni wapimaji wa mtetemo, nao huzungumza Kiswahili. Pasipo maneno ya pamoja, ripoti zao hazifiki mezani pa mwenye kompyuta, wala onyo lake haliwafikii wao.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba aina za vipande vya boriti zina historia, na kwamba kila aina ilizaliwa kutokana na upungufu wa ile iliyotangulia. Nadharia nyembamba ilihitaji marekebisho ya Rayleigh na Timoshenko, tungamo lililokusanywa likapata mshindani katika tungamo lililoenezwa, na kipande kinene kilipojifunga kwa ukamilifu wake kilifunguliwa kwa kupunguziwa ukamilifu. Hakuna kipande kilicho bora katika kila hali. Kilichopo ni swali ambalo mhandisi hana budi kulijibu kabla ya kuigusa kompyuta: boriti hii ni ndefu kiasi gani kwa unene wake, na ni mtetemo upi unaoogopwa?

Swali hilo laweza kuulizwa kwa Kiswahili chepesi katika karakana yoyote ya Likasi. Kazi iliyobaki kwa wanazuoni wa lugha, wakishirikiana na vitivo vya uhandisi, ni kuhakikisha kwamba jibu lake pia linaweza kuandikwa, kuhifadhiwa na kusomwa katika lugha hiyo, ili ujuzi wa mitambo usiondoke tena na treni ya wanaoondoka.